Kuvu Kwenye Pafu la Lusajo

Lusajo Mwambene alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. Ukimuuliza swali anakujibu, ukimuuliza tena swali hilohilo anakutazama tu. Hakuna ugonjwa ambao ungemkera kuliko ule uliompata, maana ulimtaka aeleze jambo moja kwa watu wengi, mara nyingi, na bado wengi wao wasielewe.

Alikuwa dereva wa basi mashariki mwa London. Alitoka Tukuyu akiwa bado kijana, akafanya kazi za usafi, akafanya za ghalani, mwishowe akapata leseni ya basi na hapo akatulia. Aliishi Ilford na mkewe Dinah, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao, na binti yao Tatiana, mwanafunzi wa chuo, aliyeelewa kila alichoambiwa kwa Kiswahili na kukijibu kwa Kiingereza. Jumapili aliimba besi katika ibada ya Kiswahili. Siku zake za mapumziko alikuwa haonekani nyumbani, yuko kwenye kishamba alichokodishwa na manispaa, kipande cha ardhi kati ya vipande vingine vingi nyuma ya reli, alipopanda mchicha, maboga na maharage.

Kikohozi kilianza majani yalipoanza kudondoka. Hakukijali. London nzima hukohoa wakati huo. Dinah alimchemshia tangawizi, akamnunulia asali, akamfukiza kwa mkaratusi mpaka nyumba ikanuka kama duka la dawa. Majani yakaisha mitini, kikohozi kikabaki.

Akaenda kwa daktari wa mtaa, yule ambaye hapa kila mtu humwita GP. Kwenda si neno lenyewe hasa. Alipiga simu asubuhi, akaambiwa na mashine kwamba simu yake ni ya muhimu sana, akasikilizishwa muziki hadi nafasi za siku hiyo zikaisha. Akarudia kesho yake, na kesho kutwa. Alipofanikiwa kuingia chumbani, daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mfupi kuliko aliotumia kunawa mikono.

"Ni virusi," daktari alisema. "Kikohozi cha namna hii kinaweza kukaa wiki kadhaa."

"Kimeshakaa wiki kadhaa," Lusajo alijibu.

"Basi kinaweza kukaa zaidi."

Mara ya pili alimkuta daktari mwingine, akapewa antibayotiki. Mara ya tatu mwingine tena, akapewa antibayotiki za rangi nyingine. Kila mmoja alimtaka aanze hadithi upya, na kila mmoja alikuwa akiandika kwenye kompyuta wakati yeye anaongea, hata asijue kama wanaandika anayoyasema au wanajibu barua zao.

Kazini mambo hayakuwa bora. Tangu Korona, mtu akikohoa mbele za watu hutazamwa kama mwizi. Ingawa Lusajo alikaa nyuma ya kioo chake, abiria walimsikia, na mama mmoja alimwambia waziwazi wakati akigusisha kadi yake ya nauli kwenye mashine kwamba dereva mwenye kifua kama hicho alipaswa kuwa kitandani. Lusajo mwenyewe alikuwa na jibu lake kuhusu chanzo, na alilipeleka kwa meneja wake, Rajesh.

"Ni moshi wa dizeli," alimwambia. "Miaka yote hii navuta moshi."

Rajesh alimwangalia kwa huruma. "Lusajo, basi lako ni la umeme. Tangu mwaka juzi."

"Nasema miaka yote hii."

"Nimesikia. Lakini kikohozi kimeanza juzi."

Lusajo akatoka ofisini amekasirika.

Damu aliiona kwa mara ya kwanza katika kantini ya madereva. Alikohoa kwenye karatasi laini, akaikunjua bila kufikiri, akaona doa jekundu. Akaikunja haraka, akamalizia chai yake, akarudi kwenye basi. Hakumwambia Dinah mpaka ilipotokea tena bafuni na yeye Dinah akaiona kwenye sinki.

"Baba Tatiana, hii ni nini?"

"Fizi."

"Fizi zako zimehamia kifuani?"

Safari hii GP hakusema virusi. Alimpeleka eksirei, na kutoka eksirei alipelekwa hospitali. Huko muuguzi mmoja alimuuliza kama aliwahi kuugua kifua kikuu, naye akasema kweli. Ndiyo, akiwa kidato cha tatu. Alimeza dawa mpaka mwisho, akapona, akalisahau jambo lenyewe. Baada ya kusema hivyo, hakuna aliyemuuliza kitu kingine chochote cha maana. Eksirei ilionyesha kovu na tundu juu ya pafu la kushoto, pamoja na kivuli. Mgonjwa amekonda, anatoka jasho usiku, anatema damu, na anatoka Tanzania. Walichoamua kilikuwa kimeandikwa usoni mwao kabla makohozi hayajafika maabara.

Makohozi yakafika maabara, hayakuonyesha kifua kikuu. Yakapelekwa mengine, hayakuonyesha. Wakamwingiza mrija wenye kamera puani hadi kifuani, wakachukua majimaji, nayo hayakuonyesha.

"Bakteria wanaweza kujificha," daktari wa hospitali alimwambia. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya upole. "Kwa historia yako, na kwa nchi uliyotoka, ni salama zaidi tuanze dawa."

"Huko nimetoka kabla wewe hujaanza shule," Lusajo alisema.

Tatiana, aliyemsindikiza baba yake, aliuliza kwa Kiingereza kikavu kama kuna kipimo chochote cha TB ambacho kingeweza kumfanya daktari aseme si TB. Daktari alitabasamu, akasema lilikuwa swali zuri. Kisha akaandika dawa.

Basi akaanza vidonge. Mkojo ukawa wa rangi ya machungwa, tumbo likamvuruga, chakula kikamwia kama karatasi. Dinah na Tatiana walipimwa, wakakutwa wazima. Dinah alimweleza mtu mmoja tu kanisani, kwa siri, amwombee mume wake. Kufikia Jumapili kwaya nzima ilikuwa inajua. Mzee wa kanisa, Bwana Njenga, alimpigia simu jioni.

"Ndugu Lusajo, tunakuombea sana."

"Nashukuru, mzee."

"Ila tumeona upumzike kidogo na kwaya. Kwa afya yako."

"Kwa afya yangu?"

"Na ya wengine pia, ndugu yangu. Unaelewa."

Lusajo alieleza kwamba makohozi yake hayakuonyesha kitu, kwamba hospitali wenyewe wamesema haambukizi mtu. Bwana Njenga akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tena kwamba wanamwombea.

Miezi ilipita. Dawa za kifua kikuu zinatakiwa zimpe mtu nafuu, arudishe mwili, apate hamu ya kula. Yeye alizidi kukonda. Suruali za kazi zilimvuka, na hata hivyo hazikuwa na kazi ya kwenda, maana alikuwa nyumbani kwa ruhusa ya ugonjwa. Kila alipokwenda kliniki aliambiwa avumilie. Alipouliza avumilie hadi lini, aliambiwa wataona. Dinah, ambaye kazini alikuwa mpole kwa wazee wa watu, nyumbani alianza kumfokea kwa kila kitu: kwa nini hujala, kwa nini umekaa karibu na dirisha, kwa nini umetoka bila skafu. Naye alimjibu vibaya. Wakawa wanaishi kama watu wawili waliokwama kwenye lifti.

Mahali pekee ambapo hakuulizwa chochote palikuwa kishambani. Hapo alikuwa na fahari yake kubwa, rundo la mboji. Alilijenga kwa majani makavu, maganda ya viazi na ndizi, nyasi zilizokatwa na samadi ya farasi aliyoifuata kwenye zizi moja huko Essex. Rundo likishika joto kwa ndani hutoa mvuke asubuhi ya baridi, na Lusajo alipenda kulichoma uma na kuligeuza, vumbi la kijivu likipanda mpaka usoni. Alikohoa sana akiligeuza. Alisema ni baridi.

Jirani yake pale alikuwa Jaswant, mzee wa Kisingasinga aliyezaliwa Nakuru, mwenye kilemba cha buluu na gari dogo la mizigo. Waliongea Kiswahili, cha Nakuru kwa cha Tukuyu, na walibishana kuhusu vitunguu.

Siku hiyo ilikuwa mchana mweupe wa masika ya Kiingereza. Lusajo alikuwa akigeuza rundo lake. Alikohoa, akaegemea uma, akakohoa tena, na kinywa kikajaa kitu cha moto. Alichotema hakikuwa doa. Ilikuwa damu ya kujaza kikombe, nyekundu kabisa, ikamwagika juu ya buti zake na juu ya mboji.

Jaswant aliona kutoka upande wa pili wa ua. "Wacha hiyo uma. Kaa chini, bwana. Kaa."

"Niko sawa."

"Hauko sawa. Usinibishie leo."

Wakapiga simu ya gari la wagonjwa, wakaambiwa linakuja lakini kuna msongamano. Lusajo akatema tena. Jaswant hakungoja zaidi. Alimkalisha kwenye gari lake kati ya mifuko ya udongo, akamshikisha ndoo, akaendesha akipiga honi njia nzima. Lusajo, dereva wa miaka mingi, alimwambia katikati ya damu kwamba amepita taa nyekundu.

Hospitali walimpitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa paja hadi kifuani, wakauziba mshipa uliokuwa ukivuja. Damu ikasimama. Dinah alifika na sare yake ya kazi, akakaa kando ya kitanda, akimshika kifundo cha mkono kwa nguvu kama mtoto anayevushwa barabara.

Asubuhi yake alikuja daktari mpya wa mapafu, Bhavini, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Wazazi wake walikuwa wamezaliwa Mwanza. Alisalimia, "Habari yako, mzee," na hapo Kiswahili chake kikaishia, akaendelea kwa Kiingereza. Alikuwa na picha za skani kwenye kompyuta ndogo, akaigeuza Lusajo aone.

"Hapa ni tundu lililoachwa na TB ya ujana wako," alisema. "Lilipona, likabaki wazi, kama chumba kisicho na mtu. Sasa kuna kitu ndani yake. Unaona huu mviringo? Ulipolala chali ulikuwa huku, ulipolala kifudifudi ukabiringika ukaja huku."

"Ni uvimbe?"

"Hapana. Ni kuvu. Zimeota humo ndani, zikajisokota na makohozi zikawa kama mpira. Kipimo cha damu kimethibitisha. Hukuwa na TB safari hii."

Lusajo aliinamia kompyuta. Halafu akauliza, "Kuvu. Kama ya mkate?"

"Ni ndugu yake, ndiyo."

"Miezi yote hii nameza dawa za TB, na ndani naotesha kuvu."

"Ndiyo. Picha hii na kipimo hiki vingefanyika mapema, usingepita haya yote. Pole. Ni kosa letu."

Alikuwa amejiandaa kugombana. Alikuwa na maneno tayari, ya kumtosha GP wa kwanza, wa pili na wa tatu, na yule kijana nadhifu. Daktari alipokubali kosa mara moja hivyo, maneno yote yakakosa pa kwenda, na hilo nalo likamuudhi.

Bhavini akamuuliza maisha yake: kazi, nyumba, kama kuna ukungu kwenye kuta, kama anafuga ndege, kama anafanya bustani. Jaswant, aliyekuja na ndizi na magazeti, alijibu kabla yake.

"Huyu ako na rundo la mboji kama nyumba. Analigeuza kila siku kama chapati."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba kuvu hizo hupenda majani yanayooza, na ukiligeuza rundo mbegu zake huruka kwa mamilioni, ndogo kuliko vumbi.

"Kwa hiyo ni mboji," alisema Dinah. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyengoja muda mrefu kupata wa kumlaumu. "Nilikukataza. Baba Tatiana, nilikukataza au sikukukataza?"

"Ulinikataza kwa sababu ya baridi."

"Nilikukataza."

"Sikiliza, mama," daktari aliingilia. "Siwezi kusema imetoka huko. Mbegu hizi ziko kila mahali. Wewe umevuta leo, mimi nimevuta nikitoka kituoni. Mwili wa mtu mzima huzisafisha. Yeye alikuwa na tundu, zikapata pa kukaa. Huenda ni mboji, huenda ni upepo wa kawaida tu. Ila mboji asiiguse tena."

Lusajo aliona hilo ndilo la kuchosha kuliko yote. Angekuwa amelogwa, angemtafuta mchawi. Ingekuwa dizeli, angewashitaki. Sasa anaambiwa adui ni hewa, na hana hata uhakika ni hewa ya wapi.

Dawa za TB zilisimamishwa. Akapewa za kuua kuvu, vidonge vya kumeza pamoja na chakula na kinywaji cha uchachu, kwa hiyo mtu aliyekatazwa soda na mkewe kwa ajili ya kisukari cha ukoo wao sasa aliamriwa na hospitali anywe kola. Miguu ikamvimba. Kikohozi kikapungua kidogo, uzito ukarudi kidogo. Lakini mpira ulikaa palepale, na Bhavini akasema wazi: dawa peke yake haitautoa, na mshipa unaweza kupasuka tena. Sehemu nyingine ya mapafu yake ilikuwa nzuri. Mpasuaji alikuwa tayari kukata kipande cha juu cha pafu la kushoto na kuondoa tundu na kilichomo.

Nyumbani yakaanza mabishano mapya. Dinah alitaka upasuaji, kesho ikiwezekana. Lusajo alisema mtu hatolewi pafu kama jino. Tatiana alisoma kila alichokiona kwenye simu, akasema kwa Kiingereza kwamba takwimu ziko upande wa kupasuliwa. Baba yake akamwambia takwimu hazilali kwenye meza ya kupasuliwa.

"Sawa," Dinah alisema mwisho, akiwa jikoni, mgongo amempa. "Usikatwe. Lakini mimi nimewaosha watu wa watu miaka mingi, nimewafunga macho wengine. Siku utakapotema damu nyumbani peke yako, usitegemee nitakuwa na nguvu ya kukusafisha. Nimechoka. Nimechoka na wewe, na kikohozi chako, na ubishi wako."

Akaendelea kukata vitunguu. Lusajo alimtazama mabega, akaona jinsi mkewe mwenyewe alivyokonda katika miezi hiyo, jambo ambalo hakuna hospitali iliyolipima.

"Nitakatwa," alisema.

"Usiseme kwa ajili yangu."

"Nasema kwa ajili ya nani basi? Ya mpasuaji?"

Alikatwa mwanzoni mwa vuli. Upasuaji ulikuwa mrefu, maumivu yalikuwa makubwa kuliko alivyoambiwa, na mirija ya kifuani ilimfanya ajione kama tangi la maji. Lakini kilichotakiwa kutoka kilitoka. Mpasuaji alisema mpira ulikuwa wa rangi ya kahawia, laini, unavunjika kama keki mbichi, na akamuuliza kama angependa kuona picha yake. Lusajo akasema hapana. Aliendelea na dawa za kuvu kwa miezi mingine, akafundishwa kupumua na msichana mmoja mchangamfu wa mazoezi ya viungo aliyempongeza kwa kila pumzi mpaka akatamani kuacha kupumua. Jaswant alilichukua rundo la mboji, akalihamishia kona ya mbali ya kishamba chake.

Kwaya walimkaribisha tena. Bwana Njenga alisimama mbele ya ibada akatangaza kwamba Mungu amemponya ndugu yetu na TB. Lusajo alinyanyua mkono akasema haikuwa TB. Watu wakasema amina. Baada ya ibada alieleza, mmoja baada ya mwingine, kwamba ilikuwa kuvu, kwamba kuvu ya mapafu haitoki kwa mtu ikaingia kwa mtu, kwamba wanaweza kumshika mkono. Walimshika mkono. Bwana Njenga alimshika pia, kisha akajipaka dawa ya kusafishia mikono, na Jumapili zilizofuata aliendelea kukaa viti viwili mbali naye. Lusajo aliamua hilo si lake kulimaliza. Sauti yake ya besi ilirudi, ingawa pumzi ilikatika katikati ya mistari mirefu, akajifunza kuvuta hewa pale wengine wanapoishikilia.

Alirudi kazini pole pole, zamu fupi kwanza. Picha ya mwisho ya skani ilikuwa safi. Bhavini alimwambia arudi baada ya miezi sita, kisha kila mwaka, kwa sababu kuvu hizi zina tabia ya kurudi. Lusajo alisema alijua tu kwamba kungekuwa na "kisha".

Jioni hiyo alimpigia dada yake mkubwa, Tumpe, huko Tukuyu, kumpa habari njema.

"Kwa hiyo TB imeisha," alisema Tumpe.

"Dada, haikuwa TB. Nimekueleza."

"Uliniambia mapafu."

"Ni kuvu. Iliota kwenye kovu la zamani."

"Kuvu ya nini? Huko mnakula vitu vya friji, nilisema mimi."

"Haikuingia kwa kula. Niliivuta."

"Ulivuta? Tangu lini unavuta, Lusajo?"

Lusajo aliisogeza simu mbali na sikio. Dinah alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, amevua viatu vya kazi. Alinyoosha mkono kabla hajaombwa. Lusajo akampa simu, akaenda jikoni kujimiminia chai, na kutoka huko akamsikia mkewe akianza mwanzo kabisa, taratibu, kwa ile sauti anayowasemeshea wazee wake: "Shikamoo wifi. Ni hivi, wifi. Kulikuwa na tundu."